Msimu wa matamasha kanisani naanza kuupanga kwa kupiga kofi

Watu huwa wananiuliza unapangaje msimu mzima wa matamasha kanisani, wanategemea nianze kutaja watunzi, kumbe mimi naanza kwa kusimama katikati ya kanisa likiwa tupu, napiga kofi moja zito halafu nahesabu kimoyomoyo mpaka sauti ipotee kabisa. Ukumbi mzuri wa orkestra unakupa kama sekunde 2 hivi. Kanisa kubwa la mawe linaweza kukupa 5 au 6, na lile la St Paul's kule London likiwa tupu linatajwa kufika 11! Sekunde hizo ndo zinaamua nusu ya programu yangu.

Mwangwi unaichukua noti iliyopita na kuilaza juu ya inayofuata. Ukiimba Palestrina, yule mtunzi wa Roma karne ya 16, hapo hamna shida, tena ndo utamu wenyewe, maana muziki wake unaenda taratibu, sauti zinapokezana na noti zikikutana hewani zinaelewana. Sasa lete violini za mbiombio, wapigaji wanapiga kwa ufundi wote lakini waliokaa nyuma wanasikia uji tu. Kosa hilo nilishalifanya, kwaya imeiva kabisa ila mazoezi tumefanyia kwenye chumba kidogo chenye zulia, siku ya tamasha tukaingia kanisani na spidi ileile ya chumbani... aisee. Tangu hapo mazoezi mawili ya mwisho ni kanisani, hamna mjadala. Na bado kuna mtego, watu wakijaa, nguo na miili yao inameza sauti, kwa hiyo ile spidi uliyoipunguza mchana jioni unaipandisha tena kidogo.

Kule Venice, kwenye kanisa la San Marco, mtunzi Giovanni Gabrieli aliamua kulitumia jengo lenyewe, waimbaji na wapiga ala anawagawa makundi, hawa roshani hii na wale roshani ile, wanajibizana juu ya vichwa vya watu. Kila msimu lazima niweke kipande kimoja cha namna hii. Ila waambie waimbaji wafuate mkono wa mwongozaji, wasifuate sikio, kwani sauti kusafiri mita 34 tu inachukua sehemu ya kumi ya sekunde, na anayesubiri kusikia kashachelewa.

Halafu kalenda. Haya mambo ya msimu ni ya zamani sana, Buxtehude, mpiga kinanda wa kanisa kule Lübeck, Ujerumani, alikuwa na muziki wa jioni Jumapili 5 za kuelekea Krismasi, na mwaka 1705 mtunzi Bach akiwa kijana wa miaka 20 alienda kumsikiliza kwa miguu kutoka Arnstadt, kilomita kama 400, kaomba ruhusa ya wiki 4 akakaa karibu miezi 4 (mabosi wake hawakufurahi kabisa). Baadaye Oratorio yake ya Krismasi (hadithi ya Biblia inayoimbwa na kwaya na orkestra) aliigawa sehemu 6 za siku 6, kuanzia Krismasi ya 1734 mpaka Januari 6, 1735. Siku hizi wengi wanaipiga yote usiku mmoja, masaa mawili na nusu hivi, sehemu ya tano watu washachoka. Mimi naikata, tatu za kwanza Krismasi na tatu baada ya mwaka mpya.

Messiah, oratorio ya mtunzi Handel, ndo inaniletea ugomvi. Kila mtu anaitaka Desemba, wakati ilipigwa mara ya kwanza Dublin Aprili 13, 1742, karibu na Pasaka, na sehemu ya pili na ya tatu zinahusu mateso na ufufuo. Kwangu inakaa Kwaresima, wanaonuna wanune.

Kitu cha mwisho ambacho waandaaji wanasahau ni kinanda cha mabomba. Joto likipanda, mabomba mengi noti zake zinapanda juu kidogo lakini yale yenye ulimi wa shaba yanabaki karibu palepale, kwa hiyo kinanda kinagombana chenyewe kwa chenyewe. Fundi akija kukirekebisha sauti asubuhi kanisa likiwa baridi, jioni watu wamejaa, hiyo kazi imepotea. Mwite lile joto la jioni ya tamasha likishakuwepo ndani, na oboe (zumari ya mbao) na violini wote wachukue noti yao kutoka kwenye kinanda.