Kinachoziua nyuroni za dopamini baada ya kupandikizwa

Tangu mwaka 1987, Olle Lindvall na Anders Björklund wa Lund, Uswidi, walipoanza kuwapandikiza wagonjwa wa Parkinson tishu za ubongo wa vijusi, tunajua kwamba nyuroni ngeni, yaani seli za neva zilizotoka nje, zinaweza kuishi miaka mingi ndani ya ubongo na kutoa dopamini, kemikali ya kuongoza mwendo wa mwili ambayo wagonjwa hao hupungukiwa nayo. Kinachotusumbua sisi tunaozichunguza seli hizi ni kwamba zinazosalia ni chache mno. Mara nyingi ni asilimia 5 hadi 20 tu, na nyingi hufa katika siku za mwanzo.

Hebu fikiria yale zinayoyapitia seli za siku hizi, ambazo hukuzwa maabara kutoka seli shina, seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa nyuroni. Zimetolewa katika chombo cha maabara kilichojaa virutubisho, zikasukumwa kwenye sindano nyembamba, zikaachwa mahali ambapo mishipa ya damu bado haijazifikia. Oksijeni ni haba. Tena nyuroni ya dopamini ina udhaifu wake wa asili: dopamini inapovunjwa ndani ya seli huzaa haidrojeni peroksaidi. Seli yenye nguvu huimudu sumu hiyo, iliyochoka huelemewa nayo. Juu ya yote, jeraha la sindano huziamsha mikroglia, seli za kinga za ubongo, nazo huanza kumwaga kemikali za vita. Mojawapo ni TNF.

Hapo ndipo kazi iliyochapishwa mwaka 2024 na maabara ya Lorenz Studer, New York, iliponigusa. Walionyesha kwamba ishara ya TNF hupita ndani ya nyuroni hadi kuiwasha p53, protini inayoiamuru seli iliyoumia ijiue. Ni p53 ileile inayotukinga na saratani, kwa hiyo kuizima moja kwa moja ni hatari, hasa kwa seli zilizotokana na seli shina. Wao waliikata ishara mapema, kabla haijaifikia p53: waliizuia TNF kwa adalimumab, dawa inayotumiwa kwa baridi yabisi, na nyuroni nyingi zaidi zikasalia katika ubongo wa panya. Naona huo ni uamuzi wa busara sana.

Kuna pia msongo wa polepole. Mwaka 2008, watafiti wa Lund na wenzao wa Chicago waliripoti miili ya Lewy, yale mabonge ya protini ya Parkinson, ndani ya nyuroni zilizopandikizwa miaka 11 hadi 16 kabla. Ugonjwa ulikuwa umezifuata. Hata hivyo zilizoathirika zilikuwa sehemu ndogo, na kwa mgonjwa miaka kumi ya kutembea vizuri si kitu kidogo.

Ndiyo maana bado naitilia mkazo wiki ile ya kwanza. Kyoto, Japani, ambako Jun Takahashi na wenzake walimpandikiza mgonjwa wao wa kwanza mwaka 2018, kila mgonjwa alipandikizwa mamilioni ya seli. Lakini idadi inayoingia haimwambii daktari ni ngapi zitakazobaki, na tofauti hiyo ikiendelea kuwa kubwa kati ya mtu na mtu, hatuwezi kukipanga kipimo cha tiba hii kama tunavyopanga cha dawa nyingine.