Kikosi cha zimamoto cha kujitolea: kilichoanzia Durlach na kinavyofanya kazi leo

Kila ninapowaeleza ndugu zangu wa Morogoro kwamba huku Ujerumani mimi ni fundi mitambo wa kiwandani na pia mwendesha pampu katika kikosi cha zimamoto cha mji wetu mdogo, swali la kwanza huwa ni mshahara, na nikijibu kwamba hakuna mshahara hunihurumia kama mtu anayedhulumiwa. Mshangao wao una msingi, kwa sababu Tanzania kazi hiyo ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chombo cha serikali chenye askari walioajiriwa. Ujerumani vikosi vya kulipwa vya manispaa ni zaidi kidogo ya 100, karibu vyote katika miji mikubwa, ilhali miji midogo na vijiji vinalindwa na watu wapatao milioni 1 ambao mchana ni waokaji mikate, walimu, wakulima na makarani. Wengi hudhani kwamba mpango huu unasimama kwa huruma ya watu wema. Sikatai kwamba wema upo, lakini kinachoufanya usimame ni mazoezi, sheria na mgawanyo mkali wa kazi, na hilo linaonekana tangu siku ulipoanza.

Kwa karne nyingi kuzima moto katika miji ya Ujerumani kulikuwa wajibu wa kila mkazi. Kengele za kanisa zikilia, kila kaya ilitakiwa kutoa mtu na ndoo ya ngozi, watu wakajipanga mstari kutoka mtoni au kisimani hadi kwenye nyumba inayowaka, na ndoo zikapita mkono kwa mkono. Pampu za mkono zilikuwepo, ila nyingi zilijazwa kwa ndoo hizo hizo, na waliozisukuma walikuwa wale waliotangulia kufika. Watu hawakukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuamuru na watu waliokwisha kushika kifaa kabla ya siku ya moto.

Mabadiliko yaliletwa na fundi. Carl Metz alifungua kiwanda chake Heidelberg mwaka 1842 na kuanza kutengeneza pampu za zimamoto zilizokuwa bora kuliko nyingi za wakati wake. Pampu ya aina hiyo ina silinda mbili zinazopokezana: pistoni moja inapopanda na kuvuta maji, nyingine hushuka na kuyasukuma, na kati yake na mpira wa maji kuna chumba cha hewa. Hewa hiyo hubanwa na maji yanayoingia, kisha huyasukuma nje wakati pistoni zinapogeuza mwendo, hivyo maji hutoka kwa mkondo usiokatika badala ya kuruka kwa vipande vipande. Mkondo usiokatika humwezesha mshika mpira kulenga chanzo cha moto. Lakini mashine hiyo ina masharti yake: watu wa pande mbili za mtaimbo lazima wasukume kwa mwendo mmoja, wapokezane kila baada ya dakika chache kwa sababu ni kazi ya kuvunja mgongo, na mipira iunganishwe bila kuvuja. Umati wa watu, hata uwe na nia njema kiasi gani, hauwezi kufanya hivyo usiku wa kwanza.

Mji mdogo wa Durlach, katika utawala wa Baden, ulijipatia pampu ya Metz, na mwaka 1846 mhandisi wa majengo wa mji huo, Christian Hengst, akaunda kikosi cha kuiendesha. Aliwagawa wanaume waliojiandikisha kwa kazi zao: wa pampu, wa ngazi, wa kuokoa watu na mali, akawafanyisha mazoezi mara kwa mara kama wanajeshi. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa historia yote hii. Kujiandikisha kulikuwa hiari, lakini aliyekwisha kujiandikisha hakuwa na hiari ya kuchagua zoezi gani aende na lipi asiende.

Jaribio lilikuja upesi. Tarehe 28 Februari 1847 jumba la michezo ya kuigiza la mtawala wa Baden, mjini Karlsruhe, liliwaka moto ulioanzia kwenye taa ya gesi, na zaidi ya watu 60 walikufa. Karlsruhe ulikuwa mji mkuu wa Baden, Durlach ulikuwa mji jirani wa umbali wa kilomita 5 hivi, lakini ni kikosi cha mji mdogo kilichofika na pampu yake, kikafanya kazi kwa utaratibu na kusaidia kuzuia moto usienee kwenye majengo ya jirani. Jumba lenyewe halikuokolewa. Hata hivyo tofauti kati ya watu waliofunzwa na umati uliokusanyika ilionekana na kila aliyekuwepo, na mwaka huo huo Karlsruhe nayo ikaunda kikosi cha kujitolea.

Watu wa Meissen, kule Saksonia, hukasirika wakisikia Durlach ikiitwa ya kwanza, kwa sababu wao walikuwa na kikosi chao mwaka 1841, miaka mitano kabla. Kwa tarehe wana haki. Ila mfano ulioigwa na miji mingine ya kusini ulikuwa wa Durlach, na sababu mojawapo ni ya kibiashara kabisa: Metz alikuwa akiuza pampu, na kila alipouza alihimiza mteja aunde kikosi. Sioni aibu yoyote katika hilo. Mashine isiyo na watu wa kuiendesha huozea bandani, jambo ambalo sisi Waafrika wa Mashariki tumeliona mara nyingi kwa mitambo ya misaada.

Wengi wa vijana wa mwanzo walitoka katika vyama vya mazoezi ya viungo, maana kupanda ngazi na kuta kulihitaji mwili mwepesi. Vyama hivyo vilikuwa pia makao ya fikra za kidemokrasia, kwa hiyo baada ya mapinduzi ya 1848 na 1849 kushindwa, watawala waliviangalia vikosi vya zimamoto kwa jicho la shaka. Havikufa, kwa sababu nyumba ziliendelea kuungua. Mwaka 1853 vikosi vya Württemberg, utawala uliopakana na Baden, vilikutana katika mji wa Plochingen, na kutoka hapo ushirikiano wa miji ukaanza kukua.

Leo sheria ya jimbo huilazimisha kila halmashauri kuwa na kikosi chenye uwezo wa kutosha. Wajitoleaji wakikosekana, halmashauri inaweza kuwaandikisha wakazi kwa lazima, na vipo vikosi vichache vya namna hiyo, hasa kaskazini mwa nchi. Mwajiri wangu hawezi kunizuia nikiitwa saa za kazi, wala kunikata mshahara. Halmashauri humrudishia gharama akidai. Nikiumia katika kazi ya zimamoto nina bima.

Mtu akipiga 112, namba ya dharura, peja, yaani kifaa kidogo cha kutuitia, hulia kiunoni mwangu na kila mmoja wetu hukimbilia kituoni. Gari letu la kwanza hubeba watu 9: kiongozi, mwendesha pampu, mjumbe, na jozi tatu, yaani jozi ya mashambulizi, ya maji na ya mipira. Katika jimbo letu kundi hilo la kwanza linatarajiwa kuwa limefika ndani ya dakika 10, na kutoka kitandani hadi kufunga mkanda wa gari hupotea nusu ya muda huo.

Kazi yangu mwenyewe ni hesabu ya maji. Gari likiwa na lita 1200 na mdomo mmoja wa mpira ukitumia lita 100 hivi kwa dakika, nina dakika 12. Mdomo wa pili ukifunguliwa, nina 6. Kwa hiyo jozi ya maji huanza mara moja kutafuta chanzo cha maji cha barabarani, ambacho hapa huwa kimefukiwa chini ya kifuniko cha chuma. Ukutani kuna kibao cheupe chenye mpaka mwekundu na herufi H: namba iliyo pembeni ya herufi ni kipenyo cha bomba kwa milimita, na namba za chini yake hueleza ni mita ngapi kulia au kushoto na ngapi mbele ya kibao. Mchana wa kiangazi ni rahisi. Januari, kifuniko kikiwa kimeganda na juu yake kuna gari lililoegeshwa, dakika 12 ni chache mno.

Ndani ya moshi huingia watu wawili wawili, kila mmoja na barakoa na mtungi wa hewa uliojazwa hadi bar 300 (bar ni kipimo cha shinikizo), na jozi nyingine hubaki nje tayari kuwafuata. Anayewaandikia muda huuliza shinikizo la mitungi yao na kulihesabu kwa kanuni moja: hewa ya kurudi iwe mara mbili ya iliyotumika kuingia. Waliotumia bar 70 kufika wanakokwenda hugeuka wakiwa na 140, hata kama moto haujazimika. Mgeni akiona hilo hudhani ni woga.

Moto, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya miito yetu. Tunakata miti iliyoangushwa na dhoruba, tunawatoa watu kwenye magari yaliyogongana, tunamwaga unga wa kunyonya mafuta barabarani, na mara nyingi tunakimbilia king'ora cha jengo kumbe mtu ameunguza mkate. Mafuriko ya Julai 2021 katika bonde la Ahr na sehemu nyingine za magharibi, yaliyoua zaidi ya watu 180 nchini, yaliwakuta wajitoleaji wengi wakiokoa majirani huku nyumba zao wenyewe zikiingia maji.

Kinachotusumbua sasa ni saa za mchana. Wakati wa Hengst fundi aliishi juu ya karakana yake. Siku hizi mji hubaki na watoto na wazee, wenye peja wakiwa ofisini kilomita 30 kutoka hapa. Vifaa vipya havitatui jambo hilo. Katika eneo letu, moto wa nyumba ukiripotiwa mchana huitwa vikosi viwili kwa pamoja, halmashauri huwapendelea wajitoleaji inapoajiri watu wa karakana yake, na anayefanya kazi mji mwingine hujiandikisha huko pia. Mimi niko kwenye orodha mbili. Mipira hainipi shida, kwa sababu viunganishi vya Storz, vilivyobuniwa mwaka 1882, vina ncha mbili zinazofanana na hushikana popote nchini. Pampu ndizo hutofautiana, vali na swichi zikiwa kila mahali pake, kwa hiyo kabla sijaruhusiwa kuendesha ya kikosi cha pili nilitahiniwa upya, kama mtu asiyewahi kugusa pampu.