Kifafa, kumbukumbu na kujifunza kazi za mikono: maswali na majibu

Je, kifafa huharibu kumbukumbu?

Huweza kuidhoofisha, ingawa si kwa kila mgonjwa wala kwa kiwango kimoja. Mengi hutegemea mahali kifafa kinapoanzia. Kinachogusa kumbukumbu zaidi ni kile kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo usawa wa masikio, kwa kuwa humo imo hipokampasi, ambayo huyahifadhi matukio ya leo ili yakumbukwe kesho. Mgonjwa huyo husahau mazungumzo ya jana au majina ya watu, ilhali akili yake ni timamu.

Na ujuzi wa mikono, kama kushona au kusuka, nao hupotea?

Kwa kawaida haupotei, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ujuzi wa viungo hutegemea zaidi ubongo mdogo ulio kisogoni pamoja na viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo. Jambo hili lilidhihirika kwa Mmarekani Henry Molaison, ambaye mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa na daktari William Scoville na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili, kwa sababu kifafa chake kilikuwa kimeshindikana kwa dawa. Kuanguka kulipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu za matukio mapya. Hata hivyo, mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, makosa yake yalipungua kwa muda wa siku tatu, ingawa hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo. Ieleweke kwamba usahaulifu huo mkubwa ulitokana na upasuaji. Kifafa peke yake hakimfikishi mtu hapo.

Mbona basi baadhi ya watoto wenye kifafa huchelewa kuandika au kufunga vifungo?

Sababu ni zaidi ya moja. Pengine ubongo uliumia mapema, kwa mfano kwa malaria kali au kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na jeraha hilo ndilo lililoleta kifafa pamoja na uzito wa viungo. Pengine mtoto huduwaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, asione hatua ambayo mwalimu ameionyesha, kisha akaadhibiwa kwa uzembe. Kifafa cha usiku nacho huvuruga usingizi, ambao ndio wakati ubongo unapoimarisha yaliyofunzwa mchana. Dawa pia zina sehemu yake: fenobabitoni huweza kuleta usingizi na uzito wa kufikiri, na fenitoini ikizidi mwilini humfanya mtu ayumbe.

Kama ni hivyo, dawa ziachwe?

Hapana. Kuacha ghafla huweza kuleta degedege la mfululizo linalohatarisha maisha. Mweleze daktari mabadiliko unayoyaona, naye atapima kama dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe.

Mwalimu au fundi amfundisheje mwanafunzi mwenye kifafa?

Amfundishe kwa vitendo zaidi kuliko maelezo, akirudia hatua zile zile kwa mpangilio ule ule, na hatua hizo ziandikwe au zichorwe mahali anapoziona. Akianguka, apumzike kwanza, kisha somo la siku hiyo lirudiwe, kwani huenda hakubaki nalo hata kidogo. Kazi za moto, misumeno ya umeme na kupanda juu zisubiri hadi daktari aridhike kwamba kifafa kimetulia.