Vunjajungu wa chupani: anza na siku ya kujivua

Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi, mtoto wa jirani hapa Rau, Moshi, aligonga geti akiwa na chupa ya soda iliyokatwa mdomo na kufunikwa na kipande cha gazeti. "Shikamoo anko. Nimekuletea vunjajungu. Bibi kasema nisimwingize ndani, atatuvunjia vyungu." Ndani alikuwamo jike wa kahawia, bado tunutu (mtoto ambaye hajaota mabawa), urefu wake kama kidole changu cha shahada. Kila akijaribu kupanda, miguu ilikuwa inaserereka kwenye ile plastiki laini, anarudi chini. Nilimgeuza nikamtazama mgongo: vifuko vya mabawa vimevimba, vimetuna. Nikamwambia mtoto kwamba huyu amebakiza siku chache tu ajivue ngozi kwa mara ya mwisho, na humu chupani hawezi. Tukamhamisha pale pale, hata chai sijanywa.

Huwa naletewa vunjajungu namna hiyo, wengi zaidi wakati wa mvua. Kazi yangu ni wadudu wa mibuni na mboga, lakini nyumbani nina rafu nzima ya hawa, na nimewafuga miaka kumi na moja sasa. Bibi wa yule mtoto simlaumu. Mdudu jina lenyewe amelipata kwenye imani hiyo, kwamba anayemgusa atavunja chombo, na wengi wetu tumelelewa nayo. Ninachoweza kumhakikishia bibi ni kwamba hana sumu ya aina yoyote. Miguu yake ya mbele ina miiba, ukimbana atakuchoma kidogo, basi.

Anayetaka kuanza kufuga huniuliza kwanza anakula nini. Ningependa aniulize atajivua wapi.

Vunjajungu hana mifupa ndani kama sisi. Kinachomshikilia ni ile ngozi ngumu ya nje, nayo haikui. Mwili ukiizidi, lazima aivue yote: ya miguu, ya macho, mpaka ya vile vipapasio vyembamba kama uzi. Tangu atoke kwenye yai mpaka aote mabawa atajivua mara saba, nane, au tisa, jike kwa kawaida akimzidi dume. Kati ya niliowapoteza, wengi walikufa kwenye zoezi hilo, wachache mno kwa njaa. Ndiyo maana kila ninachokifanya kwenye chupa, urefu wake, kifuniko chake, chakula ninachokitoa na maji ninayopuliza, nakifanya nikiifikiria ile nusu saa.

Acha niieleze, maana ukishaiona mara moja hutahitaji kukariri masharti. Siku mbili tatu kabla, mdudu anakataa chakula. Panzi atapita mbele yake na yeye ama anageuka ama anamkwepa. Kisha anapanda juu kabisa, anang'ang'ania kwa miguu minne ya nyuma, anabaki ananing'inia kichwa chini, kimya. Usiku mmoja nilikaa jikoni na tochi ya simu niliyoifunika kwa kitambaa chekundu, nikamtazama jike mmoja mwanzo hadi mwisho. Ngozi ilipasuka mgongoni, nyuma tu ya kichwa, mpasuko mdogo kama wa maharage yaliyolowekwa. Pakatokeza kitu laini cha kijani kibichi, karibu kinaangaza. Uzito wake mwenyewe ukamvuta kuelekea chini, taratibu, kichwa kwanza, halafu miguu ya mbele ikitolewa kila mmoja kwenye soksi yake. Ikafika mahali mwili wote upo nje, umeshikiliwa na ncha ya tumbo peke yake. Hapo akatulia. Dakika zikapita. Kisha akajikunja kwa nguvu kama mtu anayejiinua kwenye mwamba, akaikamata ngozi yake kuukuu na kupanda juu yake. Mabawa yalikuwa vijikunjo vya karatasi iliyolowa. Nikayaona yakijaa na kushuka, yakinyooka polepole.

Sasa fikiria anafanya hayo yote kwenye kopo fupi. Akishuka nusu, kichwa kinagusa chini, hawezi kuendelea, na ile ngozi mpya inakauka akiwa amepinda. Hutamnyoosha tena. Au kifuniko kinateleza, miguu inaachia, anaanguka katikati ya kazi. Kwa hiyo: chombo kiwe na kimo kisichopungua mara tatu ya urefu wa mdudu, na upana mara mbili. Wale wakubwa wa kwetu, wa jenasi ya Sphodromantis, kijani au kahawia wenye doa jeupe kwenye kila bawa la mbele, jike hufika sentimita saba hadi nane. Kwa huyo natumia chupa kubwa ya maji ya kunywa, ile ya lita 12. Naigeuza juu chini, nakata kitako, na hapo nilipokata ndipo panapokuwa juu, nabandika wavu. Ndani naweka vijiti viwili vya mbuni vilivyolazwa mshazari, na chini karatasi ya chooni. Sehemu ya kati iwe wazi, asije akashukia kijiti.

Kuhusu huo wavu nina jambo la kusema, na bado linaniuma. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na tunutu ishirini na tatu, niliowatoa kwenye kifuko kimoja cha mayai. Nikakosa wavu, nikaona chandarua cha zamani kabatini, nikakata vipande na kufunika makopo yote jioni moja. Asubuhi walikuwa chini, chali, miguu ikitetemeka. Hadi jioni hakubaki hata mmoja. Chandarua kilikuwa chenye dawa. Dawa zile zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, na kazi yake ni kuua mdudu anayekigusa. Vunjajungu alikuwa ananing'inia juu yake usiku kucha. Nilifanya kosa hilo nikiwa nimesomea wadudu. Tumia wavu wa madirisha, mpya, uliooshwa kwa sabuni na kusuuzwa sana. Kwa wadogo ambao chakula chao kinapenya wavu, tumia chachi ya duka la dawa. Na chumba chenye chupa zako kisipuliziwe dawa ya mbu wala kuchomwa koili. Kama nyumba lazima ipuliziwe, hamisha chupa zikalale kwa jirani.

Kwenye chakula, sumu hiyo hiyo inarudi kwa mlango mwingine. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, mahindi mengi huku kwetu hupigwa dawa, na panzi wa pembezoni mwa shamba hilo anaweza kubeba dawa akiwa bado anarukaruka. Mimi naokota panzi kwenye kihamba, shamba la nyumbani, cha mama yangu Kibosho, kwenye majani chini ya migomba ambako hakuna mtu anayepuliza chochote. Kama huna mahali pa namna hiyo, tega nzi. Utumbo wa samaki kidogo kwenye kopo nyuma ya nyumba utakuletea nzi wa kijani wengi kuliko unavyohitaji.

Tunutu wa siku chache wanataka vijinzi vya matunda, vile vinavyozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Hapo Uchagani tumebarikiwa: popote panapotengenezwa mbege, ile pombe ya ndizi, vipo. Weka ganda la ndizi mbivu kwenye kopo, ingiza faneli ya karatasi yenye tundu dogo, kesho yake utakuwa navyo mia. Viweke kwenye friji dakika tatu au nne vizubae, ndipo umimine kwa tunutu. Kadiri anavyokua, ongeza ukubwa: nzi, kisha panzi wadogo, kisha nyenje. Mlo usizidi nusu ya urefu wake. Tunutu mdogo alishwe kila siku au siku moja kwa mbili; mkubwa kila siku mbili hadi tatu yatosha, na tumbo lake ndilo litakalokuambia. Likiwa bapa kama jani, ana njaa. Likiwa limejaa, mwache. Mabaki ya mlo hai yatolewe, hasa nyenje. Nyenje mmoja mwenye njaa anaweza kumtafuna vunjajungu aliyejivua sasa hivi, akiwa bado laini kama ndizi ya kuchemsha. Baada ya kujivua nasubiri siku nzima au mbili kabla ya kulisha.

Usimpe mdudu aliyekufa ukategemea atamwona. Anachokiona ni kile kinachotembea, na anakiona vizuri ajabu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwabandika vunjajungu miwani midogo ya rangi kwa nta ya nyuki, wakawaonyesha filamu ya wadudu wa uongo. Vunjajungu walirusha mikono kukamata picha iliyoonekana kuelea mbele yao. Wanapima umbali kwa macho mawili kama sisi. Aina waliyoitumia ilikuwa Sphodromantis lineola, wa jenasi ile ile niliyoitaja juu. Kwa hiyo anapogeuza kichwa kukufuata unapopita sebuleni, ni kweli anakutazama, ingawa yale madoa meusi machoni yanayoonekana kukufuata si mboni. Ni sehemu tu ya jicho inayotazamana nawe kwa wakati huo.

Maji hanywi kwenye bakuli. Puliza ukungu mwembamba kwenye ukuta wa chupa mara moja kwa siku, atalamba matone. Unyevu ukikosekana kabisa, ngozi inang'ang'ania mwilini siku ya kujivua. Ukizidi na hewa haipiti, chupa inaota ukungu. Nami nikilazimika kuchagua, nachagua hewa.

Joto kwa Moshi mjini halinisumbui sehemu kubwa ya mwaka. Nyuzi 24 hadi 30 mchana zinawatosha, na usiku ukipungua si neno. Ila rafiki zangu wa Arusha wanalia kila Juni na Julai, na walio Marangu au Machame juu vile vile. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 mdudu hapati shida kubwa papo hapo, lakini hali chakula, hakui, na akijivua kwenye baridi anachelewa na kukwama. Weka chupa juu ya friji, upande wa nyuma panapotoka joto. Usiiweke dirishani juani. Plastiki iliyofungwa inageuka sufuria.

Kumbeba ni rahisi ukiacha kumshika. Weka kiganja mbele yake, mguse kwa nyuma taratibu kwa unyoya au jani, atapanda mwenyewe. Asiguswe kabisa anapokataa kula, wala siku moja baada ya kujivua.

Uanze na yupi? Yule mkubwa wa kijani au kahawia wa bustanini, mmoja tu; ukiongeza, kila mmoja chupa yake, maana wanakulana. Yule mdogo wa maua, mwenye jicho la mzunguko kama tarakimu 9 kwenye bawa, ni mzuri kupindukia na hana makuu sana, mfuate mwaka wa pili. Idolomantis, yule mkubwa anayefungua kifua chenye rangi kama ua la kutisha, yupo Tanzania na watu wa nje humtamani mno, ila anataka joto kali na milo inayoruka, mwache kwanza. Na usiokote ndani ya hifadhi. Kilimanjaro wala Arusha, humo hatutoi hata jani. Taa ya barazani usiku wa mvua itakuletea madume wa kutosha.

Kujua dume na jike, hesabu mapingili ya tumbo upande wa chini: jike ana sita, dume nane. Ukitaka kuwapandisha, subiri wiki mbili tatu baada ya jike kuota mabawa, mlishe mpaka akatae, kisha mwingize dume kwa nyuma yake. Anaweza kuliwa, si kila mara. Wakishaachana, mtoe dume upesi.

Yule wa mtoto wa jirani alijivua Jumanne usiku, mabawa yamenyooka yote. Tumbo lake linajaa kuliko ninavyomlisha, kwa hiyo nadhani siku moja tutakuta kifuko kwenye kijiti, povu la kahawia lililokauka. Bila dume mayai hayo kwa kawaida hayaanguliwi, na nimeshamweleza mtoto. Tukimpatia dume, kifuko kitakaa wiki nne hadi sita kikipulizwa maji kidogo, kisha asubuhi moja watamiminika kwa pamoja, mia na zaidi, wakining'inia kwenye nyuzi kama majani ya chai yaliyomwagika. Tumekubaliana atabaki na watano. Wengine tutawapeleka Kibosho kwenye migomba. Bibi ameomba aje kuwaona, ila vyungu vyake kaviweka juu ya kabati.