Matunzo ya mtoto kisheria ni nini?

Matunzo ya mtoto ni mahitaji ambayo sheria inamlazimu mzazi au mlezi kuyatimiza: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, hata nafasi ya kucheza. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 imeyataja hayo waziwazi, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Huku kwetu Kigoma wengi wanaona ni hela ya matumizi anayopewa mama. Kwa hiyo baba akigombana na mama anaikata ili amkomoe, na anayelala njaa ni mtoto. Haki hii ni ya mtoto mwenyewe, wazazi wawe wameoana, wameachana au hawakuwahi kuishi pamoja. Hata baba anayenyimwa kumwona mwanawe hana ruhusa ya kuacha kumtunza. Aende mahakamani kuomba nafasi ya kumwona.

Kiasi gani? Zamani, chini ya sheria ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, mahakama haikuweza kuamuru zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Sheria ya 2009 iliifuta hiyo, na nashukuru. Sasa mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu mengine waliyonayo, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Mama anayeuza mawese naye kipato chake kinahesabiwa.

Mvuvi wa dagaa pale Kibirizi hapati mshahara wa mwisho wa mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika. Hilo si sababu ya kukwepa matunzo kwa kukimbilia mwalo mwingine wa wavuvi. Aieleze mahakama ukweli wa kazi yake, na hali ikibadilika baadaye anaweza kuomba kiwango kirekebishwe. Mwenye mshahara, kama mwalimu wa Kasulu, anaweza kukatwa matunzo moja kwa moja kwenye mshahara.

Bibi aliyeachiwa wajukuu hapo Ujiji, wazazi wakiwa wametawanyika kutafuta maisha, naye ana sauti. Ombi la matunzo linaweza kupelekwa na mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi wa jamii, au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima. Bibi hana haja ya kungoja binti yake arudi.

Baba akikana mtoto, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba (DNA). Mama wa mtoto wa nje ya ndoa anaruhusiwa kufungua ombi tangu akiwa mjamzito, au ndani ya miezi 24 baada ya kujifungua. Muda huo ukipita, mlango haujafungwa ikiwa atathibitisha kwamba mwanamume huyo alitoa hela ya kumtunza mtoto ndani ya miezi hiyo 24. Kwa hiyo, dada yangu, ujumbe wa muamala wa simu usiufute, hata kama ni wa shilingi elfu tano.

Anayekiuka wajibu huu anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Lakini kifungo hakimnunulii mtoto daftari, ndiyo maana nashauri kuanzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Huko wazazi huitwa, wakakubaliana kiasi, na makubaliano yakaandikwa. Ikishindikana, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto.