Je, wajua? Mstari wa debug uliozimwa bado unafanya kazi

Umeandika seva kwa Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ukapanda kila kona mistari ya debug, yaani ya kuandika ujumbe wa uchunguzi, kisha ukaipeleka hewani bila kuwasha hata mmoja. Terminali iko kimya. Je, mistari hiyo inakula muda wowote?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba haili kitu, maana imezimwa. Jibu hilo ni la kweli kwa nusu. Nusu iliyobaki imejificha mahali ambapo wengi hawaangalii, na ndiyo inayoweza kuifanya seva yenye kazi nyingi iburute miguu bila kuandika neno.

Kwanza maktaba yenyewe, kwa ufupi. Inaitwa debug, na ilianzishwa na TJ Holowaychuk, ambaye pia ndiye mwanzilishi wa Express, zana ya kujengea seva. Wengi wanayo kwenye mashine zao bila kuisakinisha wenyewe, kwa sababu Express na Socket.IO, maktaba ya mawasiliano ya papo kwa papo, huitumia ndani kwa ndani. Unaipa lebo, inakurudishia funksheni ya kuandikia:

const debug = require('debug')('duka:oda');
debug('oda imepokelewa');

Ukiendesha programu kama kawaida, huoni kitu. Ukitanguliza kigeu cha mazingira, mistari inaanza kusema:

DEBUG=duka:* node seva.js

Kinyota hukamata kila lebo inayoanza na duka:, na alama ya kutoa huondoa usizozitaka, kama katika DEBUG=*,-express:*. Rangi ya lebo hutokana na hesabu inayofanywa juu ya herufi za jina lake, kwa hiyo kwenye terminali ileile duka:oda haibadiliki rangi leo na kesho. Mwishoni mwa mstari huja muda uliopita tangu lebo hiyo iliposema mara ya mwisho, kwa mfano +12ms. Hicho ni kitu kidogo chenye faida kubwa: unaona programu inaposita kabla hujaanza kupima chochote. Maandishi yote huenda kwenye mkondo wa makosa, yasichanganyike na matokeo halisi ya programu.

Sasa turudi kwenye ile imani. Wanaoitetea wana ushahidi mzuri. Ukifungua msimbo wa maktaba, jambo la kwanza ambalo funksheni ya debug hufanya ni kuangalia kama lebo yake imewashwa. Haijawashwa, inarudi hapohapo. Haiangalii saa, haipangi maandishi, haitafuti rangi. Matoleo ya sasa hata hukumbuka jibu la lebo, yasilinganishe majina upya kila mara. Mtu anayesoma msimbo huo ana haki ya kuridhika: kuiita funksheni inayorudi papo hapo ni kazi ndogo mno.

Ila swali la wakati funksheni inafanya nini ni tofauti na swali la kilichofanyika kabla haijaitwa. Tazama mstari huu, ambao uko katika programu nyingi:

debug('oda: ' + JSON.stringify(oda));

JavaScript hukokotoa kila kilichomo ndani ya mabano kwanza, halafu ndipo huita funksheni. Hivyo JSON.stringify inapita kwenye oda nzima, bidhaa moja baada ya nyingine, na kujenga maandishi yake yote. Maandishi yanaunganishwa na neno "oda: ". Hapo ndipo debug inaitwa, inaangalia lebo, inaona imezimwa, inarudi. Maandishi yanatupwa, na baadaye mfumo wa kusafisha kumbukumbu unakuja kuyazoa.

Mfikirie mpishi aliyeambiwa kwamba kila adhuhuri apeleke pilau chumbani kwa mgeni, na mgeni asipokuwepo arudi nayo. Mpishi anachambua mchele, anakaanga vitunguu, anatia viungo, anapalia makaa, anapakua kwenye sinia, anapanda ngazi, kisha anabisha hodi. Kimya. Anageuka na kushuka. Ukisimama mlangoni na saa mkononi utasema hapakupotea muda wowote, na utakuwa mkweli, kwa sababu hodi moja haichukui dakika. Muda wote uliishia jikoni. Anayepima funksheni ya debug peke yake anasimama mlangoni. JSON.stringify iko jikoni.

Kwenye seva jambo hili lina uzito wa pekee. Node.js huendesha JavaScript ya programu yako kwenye uzi mmoja, yaani kazi moja kwa wakati mmoja. Oda yenye bidhaa elfu kadhaa inapogeuzwa kuwa maandishi, maombi mengine yote yanasubiri nyuma yake, hata ya mteja aliyetaka kuona ukurasa wa kuingilia tu. Mstari ukiwa ndani ya kitanzi, kazi hiyo hurudiwa kila mzunguko, na kwenye logi hakuna alama yoyote ya kukuonyesha chanzo.

Kwa nini basi lugha isingoje, ikokotoe pale tu thamani inapohitajika? Lugha ya Haskell hufanya hivyo. Lakini JavaScript inaruhusu kilicho ndani ya mabano kibadilishe hali ya programu. Mtu akiandika debug('namba %d', hesabu++), ile hesabu lazima ipande iwe lebo imewashwa au imezimwa. Isipopanda, programu itakuwa na tabia mbili, moja unapoichunguza na nyingine usipoichunguza. Kwa kukokotoa kwanza, lugha inakulinda na hitilafu ambayo ingekuwa ngumu sana kuisaka. Gharama tunayoizungumzia hapa ndiyo bei ya ulinzi huo, na naiona bei ya haki.

Nusu ile ya kweli nayo ipewe heshima yake. Mstari kama debug('imefika') hauna jikoni: maandishi yapo tayari, hakuna cha kuandaa, na hofu yoyote juu yake ni bure. Hata kuunganisha maandishi kwa alama ya kujumlisha mara nyingi ni nafuu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu V8, injini ya JavaScript iliyomo ndani ya Node.js na Chrome, inaweza kushika vipande viwili vya maandishi kama jozi na kuahirisha kuvinakili. Injini hiyo pia hufuta baadhi ya kazi ambazo matokeo yake hayatumiki. JSON.stringify haiwezi kuifuta kirahisi hivyo, kwani data inaweza kuwa na toJSON yake yenyewe, na hiyo ni funksheni inayoweza kufanya lolote. Kwa hiyo swali la kujiuliza kwa kila mstari ni je, mabanoni kuna kazi? Urefu wa ujumbe si kipimo.

Dawa imo ndani ya maktaba yenyewe:

debug('oda: %j', oda);

Hapa %j ni alama ya mahali data itakapowekwa, na kinachopitishwa ni oda kama ilivyo, yaani rejeo tu la kuonyesha ilipo kwenye kumbukumbu. Mpishi amebeba ufunguo wa ghala. Mgeni akiwepo, pilau itapikwa palepale chumbani. Kugeuza oda kuwa maandishi hufanyika baada ya lebo kuangaliwa. Kwenye Node.js, %O huonyesha data kwa mistari mingi na %o huibana kwenye mstari mmoja. Unaweza pia kuongeza alama yako mwenyewe. Ukiweka funksheni kwenye require('debug').formatters.m, basi %m itaiita pale tu lebo inapokuwa imewashwa. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa muhtasari mzito unaohitajika sehemu nyingi, kwa sababu mstari wenyewe unabaki mfupi na unasomeka.

Kuna wakati alama hazitoshi, hasa pale ujumbe unapohitaji hesabu ya hatua kadhaa. Hapo uliza kwanza:

if (debug.enabled) {
  debug('jumla: %d', jumlisha(oda));
}

Sharti lake ni moja. Kilicho ndani ya if kisibadilishe chochote katika programu, la sivyo utakuwa umeijenga kwa mkono wako ile tabia mbili ambayo lugha ilikuepusha nayo.

Kwenye kivinjari hadithi ina sura nyingine. Huko hakuna kigeu cha mazingira, kwa hiyo maktaba husoma localStorage, hifadhi ndogo iliyomo ndani ya kivinjari. Unafungua konsoli, unaandika localStorage.debug = 'duka:*', kisha unapakia ukurasa upya. Thamani hiyo hukaa kwenye kivinjari chako peke yako na kwa tovuti hiyo peke yake, hata ukikifunga na kukifungua. Wengi hufika hapa wakaona bado kimya, wakadhani maktaba imeharibika. Katika Chrome na jamaa zake, debug huandika kwa console.debug, na konsoli huficha kiwango hicho mpaka uchague "Verbose" kwenye orodha ya viwango.

Hapa pia ndipo wanaoshikilia JSON.stringify wana sababu nzuri. Ukiandika data kwa %O, konsoli ya kivinjari hushika data yenyewe, na ukija kuipanua baadaye unaona hali iliyopo wakati wa kupanua, ambayo huenda si ile iliyokuwepo mstari ulipopita. Anayetaka picha ya wakati ule ule anahitaji maandishi. Lakini %j inampa picha hiyohiyo: kwenye kivinjari, maktaba huita JSON.stringify kwa ajili yako, baada ya kuangalia lebo. Na kwenye kivinjari akiba hii ni ya mtu mwingine. Kazi ya bure ya mabanoni hufanyika kwenye simu ya mteja, inakula chaji yake, kwa ujumbe ambao hatauona kamwe.

Tatizo hili si la JavaScript pekee. Moduli ya logging ya Python hupokea ujumbe na thamani zake kando, ikaunganisha pale tu inapobidi. SLF4J ya Java ina mabano yake {} kwa sababu hiyohiyo, na tangu Java 8 logi za lugha hiyo hupokea hata funksheni ya kuandaa ujumbe. Katika Rust, debug! ni makro, kwa hiyo swali la "imewashwa?" huwekwa mbele ya mabano wakati programu inajengwa. Node.js nayo ina zana yake ya ndani, util.debuglog, inayowashwa kwa NODE_DEBUG; mbinu hiyo ya NODE_DEBUG ndiyo iliyokuwa kielelezo cha debug, na util.debuglog nayo ina .enabled.

Kuna tukio linaloonyesha upande mzito zaidi wa kudhani kwamba kilichozimwa hakipo. Tarehe 8 Septemba 2025, akaunti ya mmoja wa watunzaji wa maktaba hii ilitekwa kwa barua pepe ya ulaghai, na toleo la 4.4.2 likachapishwa likiwa na msimbo wa kugeuza anwani za malipo ya sarafu za kidijitali kwenye kivinjari. Maktaba nyingine, ikiwemo chalk, zilipigwa siku hiyohiyo. Msimbo huo haukungoja DEBUG wala localStorage. Uliendeshwa pale maktaba ilipopakiwa, na mtu ambaye hakuwahi kuwasha hata lebo moja alikuwa hatarini sawa na wengine. Ukikuta 4.4.2 kwenye faili lako la matoleo, iondoe.

Na kwa anayetaka kujua kama jikoni kwake kuna moto, Node.js ina kipimo chake:

node --cpu-prof seva.js

Ipe seva mzigo wa kawaida bila kuwasha DEBUG, kisha ifunge kwa utaratibu. Itaacha faili lenye mwisho wa .cpuprofile, ambalo hufunguka kwenye zana za watengenezaji za Chrome. Tafuta stringify, kisha fuatilia ni nani aliyeiita. Baadhi zitakuwa za majibu halali yanayoenda kwa wateja. Zile zilizoitwa kutoka kwenye mistari ya debug ndizo za kubadilisha kuwa %j.