Maana ya “dao” kwa Confucius na kwa Watao

Kwa Kichina, neno dao ni njia, hata ile ya kawaida inayokanyagwa kwa miguu. Confucius, mwalimu wa maadili aliyezaliwa mwaka 551 KK katika dola ya Lu nchini China, alilitumia kueleza mwenendo unaompasa mtu, na Watao, wafuasi wa falsafa iliyopata jina lake kutokana na dao na wanaomhesabu Laozi kuwa mwalimu wao wa kwanza, walilitumia vilevile. Hata hivyo, njia ya Confucius ni ile iliyoachwa na wafalme wema wa kale, na mtu hana budi kufundishwa kuifuata, ilhali njia ya Watao ni mwendo wa ulimwengu wenyewe, ambao mwanadamu huupoteza kadiri anavyozidi kuutungia kanuni.

Ugomvi wao hasa uko kwenye li, yaani ibada, adabu na taratibu zinazomwelekeza mtu namna ya kukaa na mzazi, mtawala, mke, ndugu na rafiki. Hakuna mahali tofauti hiyo inapoonekana wazi kama kwenye msiba. Mwanafunzi mmoja, Zai Wo, alidai kwamba kumwombolezea mzazi miaka 3 ni kupitiliza, na kwamba mwaka 1 ungetosha. Confucius alimuuliza kama moyo wake ungetulia akila wali na kuvaa nguo za fahari wakati huo. Alipojibu kuwa ungetulia, aliambiwa afanye apendavyo. Baada ya mwanafunzi huyo kutoka, mwalimu alisikitika kwamba mtoto hukaa miaka 3 mikononi mwa wazazi wake kabla ya kuachwa atembee.

Kwa upande wa Watao, inasimuliwa kwamba Huizi alikwenda kumpa pole rafiki yake Zhuangzi, mwanafalsafa wa Kitao aliyefiwa na mke, akamkuta ameketi chini, anapiga beseni na kuimba. Wapo wanaomwona Zhuangzi kuwa mtu asiye na huruma, nami naona wanamkosea, kwa kuwa mwenyewe alikiri kwamba mwanzoni alihuzunika, kisha akatambua kuwa mkewe alitoka pasipo na umbo wala uhai na sasa amerudi huko, kama majira ya mwaka yanavyopokezana. Alichokikataa ni kilio cha kutimiza desturi.

Katika utawala, Watao husisitiza wu wei, neno ambalo wengi hulifasiri kuwa kutotenda, ingawa kutolazimisha kunalikaribia zaidi: sura ya 60 ya Daodejing, kitabu cha Watao kinachohusishwa na Laozi, hufananisha kuitawala nchi kubwa na kupika samaki wadogo, ambao wakigeuzwageuzwa huvunjika. Ajabu ni kwamba Confucius naye alimsifu Shun, mmoja wa wafalme wema wa kale, kwa wu wei hiyohiyo, akisema kwamba alijiweka katika heshima na kuelekea kusini tu, basi. Ila kuelekea kusini ndiyo desturi ya mfalme kwenye kiti chake, kwa hiyo hata utulivu wa Shun ulikuwa li.